Kubadilisha sakafu iliyooza ya Volkswagen Beetle: pima kwanza, grinda baadaye

Ukiinua kapeti ya Volkswagen Beetle ukaiona barabara, ujue kutu haikuanza jana. Imekula bati kwa miaka chini ya kapeti na chini ya ile lami ya kuzuia makelele, na kilichobaki ni ngozi ya rangi tu. Wengi hapo hukimbilia kupigwa kiraka, gari litoke jioni. Nimewahi kufungua sakafu yenye viraka vitatu, kimoja juu ya kingine, na cha juu kabisa kilikuwa bati la kuezekea nyumba lililopigwa ribiti. Bati la geji 30 halifiki hata nusu milimita, na hapo juu yake palikuwa na kiti cha dereva.

Kazi hii inaweza kufanyika kwenye gereji ya kawaida, bila mitambo ya ajabu. Kuchomelea ndiko kunakoogopwa, lakini mafundi wa kuchomelea vizuri wako tele. Kinachoharibu Beetle nyingi ni kukata kabla ya kupima na kabla ya kuifunga bodi. Sakafu inakuwa mpya inang'aa, halafu mlango hauingii kwenye fremu yake.

Gari hili limejengwaje

Beetle haina chesisi ya mihimili miwili kama pikapu. Katikati kuna boksi refu la bati linaloanzia mbele, kwenye kichwa cha chesisi panapofungwa ekseli ya mbele, hadi nyuma kwenye bomba la toshoni, lile lenye springi za nyuma ndani yake, na ule uma unaobeba giaboksi. Hilo boksi nitaliita mgongo. Kulia na kushoto kwake yamechomelewa mabati mawili, kila moja nusu ya sakafu. Bodi imekaa juu ya kingo za mabati hayo, imefungwa kwa bolti kuzunguka pande zote, na kati ya bodi na sakafu umelazwa mpira wa kuzuia maji. Chini ya milango, kila upande, bodi ina boksi la hita, yaani njia ya bati inayopeleka hewa ya moto kutoka kwenye injini hadi miguuni mwa dereva. Bolti za pembeni zinapanda kutoka chini na kujifunga humo.

Kwa hiyo nguvu ya gari zima inatokana na vitu vitatu kushikana: mgongo, sakafu na boksi za hita. Kimoja kikilegea, viwili vilivyobaki vinabeba mzigo usio wao. Muundo huu ndio uliolifanya gari hili livumilie barabara zetu hadi likashinda Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962. Ukiuvuruga, usitegemee litavumilia hata matuta ya mtaani.

Habari njema ni kwamba Beetle zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, mwezi Julai 2003. Nusu za sakafu zinatengenezwa mpaka leo na unaweza kuziagiza.

Ukaguzi

Toa viti, kapeti na betri. Chukua bisibisi pana na nyundo ndogo. Gonga sakafu kwa mpangilio, kuanzia nyuma kwenda mbele, ukisikiliza. Bati zima linalia. Bati lililooza linajibu kwa sauti iliyokufa, na ukilisukuma kwa bisibisi linazama au linatoa unga mwekundu. Kila penye mashaka weka alama ya chaki. Palipofunikwa na lami, bandua lami kwanza, maana hapo ndipo uongo mwingi hujificha.

Anza na kona ya nyuma kulia, chini ya kiti cha nyuma, palipokuwa na betri. Asidi inayomwagika na mvuke wa betri vinakula bati haraka kuliko maji yoyote. Kwenye magari mengi ni kona hii pekee iliyotoboka, sehemu nyingine zote zikiwa nzima. Kisha nenda kona za mbele miguuni, ukingo wa nje unaokutana na boksi la hita, na ukingo wa ndani unaoshikana na mgongo. Ingia chini ya gari ukague kichwa cha chesisi. Bati lake la chini huoza kimyakimya, na sakafu mpya iliyochomelewa kwenye kichwa kibovu ni hasara.

Halafu boksi za hita, na hapa usijidanganye. Bolti za bodi zinashika humo. Kama nati zake zinazunguka pamoja na bolti, au bisibisi inapenya kutoka chini, boksi hilo lazima libadilishwe pia, na litabadilishwa bodi ikiwa bado imeshikwa kwenye chesisi ili ibaki na umbo lake. Ni kazi nyingine kamili. Afadhali uijue leo kuliko siku bodi iko hewani.

Mwisho, tafuta maji yanaingilia wapi. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie maji kwa mpira kuanzia kioo cha mbele, milango, kioo cha nyuma, mpaka kwenye ekseli ndogo za waipa. Raba za vioo zilizokakamaa ndizo mkosaji wa kawaida, pamoja na matundu ya chini ya milango yaliyozibwa na udongo. Kwa magari ya Mombasa, Tanga au Unguja ongeza chumvi ya hewani, ambayo inatua kwenye kapeti lenye unyevu na kukaa hapo. Usipoziba njia ya maji, sakafu mpya itaoza kama ya kwanza, pengine mapema zaidi, kwa sababu bati la siku hizi mara nyingi ni jembamba.

Kiraka au nusu nzima?

Mimi nafuata kanuni moja. Kama kilichooza ni sehemu ya betri peke yake, na kingo zote mbili ni imara, nakata kipande cha nyuma na kuweka kipande kipya cha saizi hiyo. Vinauzwa vilivyokwisha kukunjwa. Kutu ikifika kwenye reli za kiti, au ikigusa ukingo wa mgongo kwa urefu unaozidi kiganja, nabadilisha nusu nzima. Kuunganisha bati jipya na bati la zamani lililokonda ni kama kushona kiraka cha jinzi kwenye shuka iliyochakaa: linachanika pembeni mwa mshono.

Unapoagiza, taja mwaka wa gari. Viti na reli zake vilibadilika kuanzia modeli ya 1973, hivyo sakafu ya gari la 1968 na ya gari la 1974 hazibadilishani. Agiza zenye reli za kiti zilizokwisha kuwekwa. Pima unene kwa venia, yaani kile kipimio cha taya, kabla ya kulipa. Ninayoikubali ni geji 18, yaani takriban milimita 1.2. Geji 20, kama milimita 0.9, inafaa kwa gari la kuendeshwa kistaarabu. Za geji 22 zinauzwa sana kwa sababu ni rahisi, na ukizikanyaga katikati zinabonyea na kurudi.

Pasipopatikana zilizo tayari, fundi bati mzuri anaweza kukukunjia. Mafundi wa Kamukunji, Nairobi, au wa Gerezani, Dar es Salaam, wanaotengeneza masanduku na majiko kutwa nzima, wana mkono wa kukunja bati kuliko wengi wa gereji. Mpelekee sakafu ya zamani ikiwa nzima, usiikatekate. Mwambie unataka bati la chuma tupu, si lililopakwa zinki, na unataka mikunjo yote ya kuimarisha irudi kama ilivyokuwa. Ile mifereji iliyokandamizwa kwenye bati si mapambo. Bila hiyo sakafu inapiga ngoma na kupasuka kwenye kona. Reli za kiti zitoe kwenye sakafu ya zamani kama ni nzima, kwa kutoboa nukta zake, yaani vile vidoa vya kuchomelea vinavyozishikiza.

Vifaa

Mashine ya MIG, inayochomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe, yenye waya wa milimita 0.6 au 0.8 ndiyo chaguo langu, na gesi iliyochanganywa agoni na kabonidayoksaidi. Kabonidayoksaidi tupu inafanya kazi, ila inarusha cheche zaidi na joto lake ni kali. Welding ya kawaida ya vijiti inatoboa bati hili. Kama huna kingine kabisa, tafuta vijiti vya milimita 2, shusha umeme hadi karibu ampea 45, na chomelea vipande vifupi sana. Gesi ya oksijeni na asetilini naikataa kwa kazi hii, kwani inapasha eneo kubwa na bati linajikunja lote.

Vingine: grinda ndogo na diski za kukatia za milimita 1, brashi ya waya ya grinda, drili na biti ya kutobolea nukta ya milimita 8, patasi pana, klampu nyingi kadiri utakavyozipata (vaisgripu 10 si nyingi), spana 13 na 17, jeki mbili, stendi nne imara, mbao, na paipu ya mraba ya inchi moja. Miwani, glavu za ngozi, kofia ya kuchomelea, barakoa. Mtungi wa kuzimia moto na ndoo ya mchanga viwe mahali mkono unafika, visiwe stoo.

Kuvua gari

Betri iwe imetoka kabla ya jambo lolote. Wakati huohuo angalia kifuniko chake. Kiti cha nyuma cha Beetle kina springi za chuma na majani ya kujazia, na mtu mzito akikalia kiti huku betri haina kifuniko, springi hugusa vichwa vya betri. Magari yameungua hivyo. Kifuniko kikikosekana, kiandike kwenye orodha ya manunuzi sasa hivi.

Mwaga petroli yote na toa tangi. Lipo mbele chini ya boneti, na likitoka linakupa njia ya kufikia bolti mbili kubwa za bodi zilizo chini yake. Paipu ya petroli inapita ndani ya mgongo, kutoka mbele hadi nyuma, sentimita chache tu kutoka mahali utakapochomelea. Ikate mawasiliano pande zote mbili, ipulize kwa kompresa mpaka harufu iishe, kisha ziba ncha zake. Mara nyingi nasikia, "tangi si limetoka, kuna nini tena?" Kuna mvuke. Mvuke wa petroli ndani ya paipu ndio unaowaka, na unawaka ndani ya boksi lililofungwa.

Paipu ya breki inayokwenda nyuma imelazwa pembeni mwa mgongo, juu ya sakafu. Ilegeze na isogeze, au itoe kabisa kama ina kutu. Pedali, lever ya gia na breki ya mkono vitoke. Bolti za kila eneo zitie kwenye kopo lake, uandike jina la eneo kwa kalamu ya rangi. Piga picha nyingi za simu, hasa jinsi ukingo wa sakafu ulivyokaa kwenye ukingo wa mgongo, kwa kuwa ndivyo utakavyourudisha.

Funga bodi, kisha pima

Hapa usiwe na haraka.

Kwanza funga milango yote na uangalie nafasi kuzunguka kila mmoja. Iwe sawa juu na chini. Ikiwa mlango umelala nyuma, bodi imekwisha kukaa vibaya, na ukiifunga hivyo utakuwa umeufungia ubovu humo. Weka jeki na ubao chini ya boksi la hita, inua kidogokidogo hadi nafasi zilingane. Usiweke jeki kwenye bomba la jeki la kiwandani endapo boksi limeoza, litapenya.

Nafasi zikikaa sawa, kata paipu za mraba. Moja itoke kwenye nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, kila mlango. Nyingine ivuke gari kutoka kulia hadi kushoto, kati ya nguzo za kitasa. Zichomelee kwa nukta chache au uzifunge kwa bolti kwenye matundu ya mikanda kama yapo. Ukimaliza, milango ikiwa wazi bodi isiyumbe hata ukiisukuma.

Sasa vipimo. Weka chesisi kwenye stendi nne, mbili chini ya kichwa cha chesisi na mbili chini ya bomba la toshoni, karibu na ncha zake. Kusawazisha, tumia mpira wa maji wa mafundi waashi, ule mpira mwembamba wa kuonyesha. Una usahihi kuliko pimamaji fupi, na unazunguka kona. Maji yakisimama kiwango kimoja kwenye ncha zote nne, weka alama kwenye stendi na zisiguswe tena na mtu yeyote.

Pima mshazari: kutoka tundu la bolti la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, kisha kinyume chake. Pima pia kutoka mgongo hadi ukingo wa nje wa sakafu, mahali pane kila upande, na urefu wa reli za kiti kutoka kwenye mgongo. Pima umbali wa kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, pande zote mbili. Kwa Beetle ni milimita 2,400. Andika kwenye karatasi, halafu andika tena kwa penseli ukutani. Karatasi za gereji huishia kufuta oili.

Kuinua bodi

Unaweza kutoa bodi yote au kuinyanyua sentimita 15 tu na kuiacha juu ya mbao. Kwa nusu nzima za sakafu napendelea itoke kabisa, unafanya kazi umesimama na unaona kila kitu. Kwa kipande cha betri, wala haihitajiki.

Bolti za kuzunguka ni nyingi na kichwa chake ni namba 13. Kubwa zaidi, namba 17, ziko mbele chini ya tangi na nyuma karibu na shokapu. Zimwagie kilainishi cha kutu jana yake, na leo asubuhi tena. Inayokataa, ipashe moto au uikate kichwa. Usiizungushe kwa nguvu mpaka nati ya ndani ya boksi la hita ing'oke, maana kuirudisha ni nusu siku.

Kabla ya kunyanyua, kagua mara mbili: kiungo cha usukani, waya wa spidomita, mpira wa mafuta ya breki kutoka kwenye kichupa chake, nyaya za umeme zinazokwenda kwenye injini, mipira ya hita, waya za kufungulia hita. Kimoja kikisahauliwa, bodi inapanda upande mmoja na kupinda. Watu sita wenye mikono imara wanaitosha bodi tupu. Iwekeni juu ya meza za mbao au matairi, mahali pa tambarare.

Kukata

Upande mmoja kwa wakati mmoja. Nusu ya kushoto ikiwa bado imeshika, mgongo hauna pa kujipindia. Ukitoa zote mbili pamoja, chesisi inakuwa fimbo.

Kwa diski nyembamba kata mstari wa sentimita 3 kutoka kwenye mgongo, sambamba nao, na mwingine kama huo mbele na nyuma. Toa bati kubwa kwanza. Angalia diski isizame ndani ya mgongo. Nyuma kabisa, sakafu inapokutana na bomba la toshoni, kata taratibu, maana bomba hilo halitakiwi hata mkwaruzo.

Kinachobaki ni utepe ulioshikiliwa na nukta za kiwandani. Ziko karibukaribu, na zikisuguliwa kwa brashi ya waya zinaonekana kama vijiduara vilivyobonyea. Toboa kila moja kwa biti ya milimita 8, ila bati la juu tu, usipitilize hadi ukingo wa mgongo. Unajua umefika pale unga wa chuma unapobadilika rangi na biti inapoacha kuvuta. Patasi ikiingia kwenye mshono kwa kugongwa kidogo, utepe unafunguka wenyewe. Ukilazimika kugonga kwa nguvu, kuna nukta uliyoiruka. Kazi hii inachosha mgongo na subira, na hapa ndipo vijana wa gereji huanza kutumia grinda kwenye ukingo ili wamalize. Wazuie. Ukingo ukikonda, sakafu mpya haina pa kukaa.

Ukishatoka wote, nyoosha ukingo kwa nyundo na kipande cha chuma nyuma yake, kisha usugue hadi chuma cheupe. Sehemu ya betri ioshe kwa magadi yaliyoyeyushwa kwenye maji ya moto. Ikitoa povu, asidi bado ipo. Rudia mpaka povu lisitokee, suuza, kausha kabisa. Chungulia ndani ya mgongo kupitia tundu la lever ya gia, na utoe udongo na viota vya mende kwa kompresa.

Kujaribisha bati jipya

Weka sakafu mpya ikiwa kavu, bila prima wala nukta, na ushike kwa klampu. Karibu hakuna inayokaa vizuri mara ya kwanza. Kingo za nyuma huwa ndefu, na kona ya mbele huwa imefunguka. Punguza kidogo, jaribu, punguza tena.

Ikikaa, rudi kwenye vipimo vyako vya ukutani. Matundu ya bolti yalingane na ya bodi. Mshazari ulingane. Halafu fanya jambo ambalo wengi hulisahau: weka kiti kwenye reli zake na ukisukume mbele na nyuma. Kikikwama sasa, unasogeza klampu. Kikikwama baada ya kuchomelea, unakata upya. Na kama bodi imetoka, ishushe juu ya chesisi bila kuifunga, uone matundu yote yanakutana. Ni usumbufu kuwaita tena wale watu sita, lakini waite.

Toboa matundu ya milimita 7 kwenye ukingo wa bati jipya, kila baada ya sentimita 3, kufuata mgongo wote. Mbele na nyuma hivyohivyo. Paka prima ya zinki ya kuchomelea juu yake kwenye nyuso mbili zitakazogusana, kwa sababu ukishafunga hutazifikia tena.

Kuchomelea

Toa tena mafuta yote, matambara, karatasi na chupa za thina kwenye eneo. Mtu mmoja asimame na kazi yake iwe kutazama moto tu, hasa upande wa pili wa bati.

Kwanza jaribu mashine kwenye vipande viwili vya bati lilelile. Kati ya ampea 60 na 90 unapata nukta inayoyeyuka hadi bati la chini bila kutoboa. Ing'oe kwa koleo: ikiondoka na kipande cha bati la chini, ni nukta. Ikibanduka kama gundi, ongeza umeme.

Shikiza kwanza katikati, kisha ncha mbili, kisha katikati ya hizo. Pima mshazari. Endelea kujaza matundu kwa kurukaruka, moja mbele, moja nyuma, moja katikati, usifuate mstari. Bati likiwa la moto kiasi cha kushindwa kulishika kwa mkono, ngoja. Kila tundu lianze katikati, kwenye bati la chini, na uzungushe hadi kingo zake. Klampu ziwe karibu na tundu unalojaza; nafasi ya hata nusu milimita kati ya mabati mawili inatoa nukta ya uongo, inayopendeza juu na haijashika chini.

Kwa aliyekata kipande cha betri tu, pitisha bati jipya juu ya la zamani kwa sentimita 2, jaza matundu, na funga mshono wa chini kwa vipande vya sentimita 2 vinavyorukana. Mshono mmoja mrefu utakunja sakafu.

Mahali penye bati la zinki, moshi wake mweupe unaleta homa na kifua usiku huohuo. Ondoa zinki kwa grinda sentimita kadhaa kutoka kwenye mshono, na uwe mahali penye upepo. Kunywa maziwa, kama wengi wanavyoamini, hakuzuii kitu.

Ukimaliza upande mmoja, pima kila kitu tena ndipo uanze wa pili.

Kuzuia kutu isirudi

Saga vichwa vya nukta vilivyotokeza kupita kiasi, usisawazishe mpaka kukonda. Paka prima ya epoksi juu na chini, tabaka mbili. Baada ya hapo ziba mishono yote kwa gundi ya viungo vya bati, pande zote mbili, ukiisukuma ndani kwa kidole chenye glavu. Silikoni ya madirishani haifai: nyingi hutoa asidi zikikauka, na rangi haishiki juu yake.

Chini paka rangi nene ya kuhimili mawe. Ndani ya boksi za hita na kingo zilizofungwa puliza nta ya kuzuia kutu. Lami ya barabara iliyochemshwa, ambayo bado inapendwa, inakakamaa, inapasuka, na maji yakiingia kwenye ufa hayaoni njia ya kutoka. Oili chafu ya injini inachelewesha kutu kweli, lakini inakula raba za gari zima na inadondokea sakafu ya nyumba. Sakafu ya sehemu ya betri ipate tabaka moja la ziada na, juu yake, trei ya plastiki.

Kurudisha

Laza mpira mpya kati ya sakafu na bodi, mzima kuzunguka. Usiunganishe vipande vya zamani. Shusha bodi taratibu, mtu mmoja akiangalia kila kona. Ingiza bolti zote kwa mkono kabla ya kukaza hata moja. Kaza kuanzia katikati kwenda kwenye ncha, kulia na kushoto kwa zamu, mara mbili tatu, huku ukijaribu milango kila duru. Paipu za mraba zisitoke mpaka bolti zote zimekazwa na milango inafunga kwa mkono mmoja.

Rudisha paipu ya breki na uangalie kila kiungo, kisha toa hewa kwenye breki zote nne. Petroli ikirudi, acha gari lisimame usiku mzima na kadibodi safi chini yake kabla ya kuwasha injini. Kapeti irudi mwisho kabisa, baada ya jaribio lingine la maji kwa mpira. Baada ya wiki mbili za kuendesha, hasa kwenye barabara ya vumbi, zungukia bolti zote za bodi tena kwa spana 13, kwani mpira mpya unakandamizika na bolti zitakuwa zimelegea kidogo.